Somo: Kurudisha mikoko kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa

Ndugu wanachama, somo hili linahusu mashamba ya chumvi yaliyoachwa katika mwambao wa Tanga, ambako mikoko ilifyekwa na matuta yakajengwa, kisha kazi ya chumvi iliposimama ardhi ikabaki nyeupe bila jani. Wengi wakisikia habari ya kurudisha mikoko hufikiria siku ya kupanda miche, pamoja na fulana na picha zake. Kwa maoni yangu kupanda ni kazi ya mwisho, na mara nyingi haihitajiki kabisa, kwa sababu maji yakiingia na kutoka kama zamani, bahari huleta mbegu yenyewe.

Hatua ya kwanza ni ruhusa. Mikoko ni msitu wa hifadhi, hivyo anzeni kwa serikali ya kijiji na Wakala wa Huduma za Misitu, na mhakikishe shamba halina mwenye leseni.

Hatua ya pili ni kuyasoma maji, na hapa msifanye haraka. Nendeni wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakiwa yamejaa kabisa, mtazame yanaishia wapi na ni tuta gani linayazuia. Kisha mtafute mkondo wa zamani, ambao kwa kawaida huonekana kama bonde jembamba lenye tope laini na matundu ya kaa. Wazee waliovua humo kabla ya matuta wataujua. Baada ya hapo linganisheni kimo cha shamba na kimo cha msitu mzima wa jirani, mkiona aina za mikoko, yaani mlilana, mkoko wenyewe, mkandaa na mchu, kila mmoja umesimama wapi. Ule mpira wa maji ambao mafundi uashi husawazishia msingi unatosha kwa kazi hiyo.

Hatua ya tatu ni kulifungua tuta pale lilipoukata mkondo. Chimbeni wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa kidogo, mwache mwanya mpana, kwa kuwa mwanya mwembamba huyapa maji kasi ya kuchimba kingo na kusomba tope ambalo miche ingeshika. Udongo unaotoka urudishwe kwenye mashimo ulikochotwa.

Hatua ya nne ni kungoja, huku mkizuia mbuzi na ng'ombe na kuondoa nyavu chakavu zinazolalia miche.

Kama hakuna miti mama karibu, ndipo mpande. Mbegu ya mkoko iliyokomaa hutambulika kwa ukosi wa njano pale inapoungana na tunda lake, na huachia kwa kuguswa tu. Ikibidi kuivuta, iacheni. Ichomekeni theluthi moja ndani ya tope, ncha iliyochongoka ikiwa chini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tongoni: Shikamoo mwalimu. Sisi tulipanda mikoko kwenye tope lililo wazi mbele ya bahari, ikafa karibu yote. Tatizo ni mbegu?

Jibu: Marahaba. Sidhani. Mikoko huota kuanzia usawa wa kati wa bahari, yaani katikati ya maji kupwa na kujaa, kwenda juu. Chini ya hapo mche hukaa majini kwa saa nyingi mno. Tena, tope lisilokuwa na mikoko tangu zamani lina kazi yake, hasa likiwa na nyasi za bahari.

Mwanachama wa Moa: Maji ya bahari yenyewe yana chumvi. Yataoshaje chumvi ya shambani?

Jibu: Swali zuri. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, ilhali maji ya jaruba, yaani kitalu cha chumvi kilichozungushiwa matuta, hukaukia humo hadi chumvi igande, kwa hiyo yaliyobaki udongoni ni makali mara nyingi zaidi. Maji yakijaa huiyeyusha chumvi hiyo, yakipwa huondoka nayo, na mvua za masika husaidia.

Mwanachama wa Pangani: Kwetu umeota mchu peke yake. Tuung'oe tupande mkoko?

Jibu: Hapana, uacheni. Mchu huvumilia chumvi kuliko wenziwe, na hata ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, jambo ambalo mkoko hauliwezi. Mbegu nyingine zitakazoletwa na maji zitanasa kwenye mizizi yake ya kupumulia, na mtaziona kwanza kandokando ya mkondo.