Somo: Kupima uzito na urefu wa mtoto kliniki

Ndugu wanachama, swali la "nimpime amelala au amesimama?" limeulizwa na wenzetu wa Newala, Ruangwa na Nachingwea kiasi kwamba nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Pata umri kutoka kwenye kadi ya kliniki, usikadirie kwa macho.

2. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala. Wa miaka 2 na kuendelea hupimwa amesimama.

3. Mizani ya kuning'iniza irudishwe sifuri kaptura ya kupimia ikiwa imeshatundikwa, kisha mtoto avuliwe nguo na mshale usomwe ukiwa umetulia.

4. Urefu wa kulala ndio unaoharibiwa na wengi. Vua viatu na kofia, fumua fundo la nywele lililo utosini, mlaze chali kwenye ubao wa kupimia, kisha msaidizi ashike kichwa kiguse kibao cha juu, macho ya mtoto yakitazama dari moja kwa moja. Wewe bonyeza magoti taratibu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili sukuma kibao cha chini hadi kiguse nyayo zote mbili, vidole vikielekea juu. Onyo: mtoto anayelia hukunja magoti na kusukuma kibao kwa ncha za vidole; ukisoma wakati huo, magoti yaliyopinda yatamfanya aonekane amedumaa ilhali hajadumaa, na vidole vilivyonyooshwa vitaficha udumavu uliopo. Subiri atulie, soma hadi sentimita 0.1, andika papo hapo.

5. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri.

MASWALI

Mwanachama, Masasi: Mtoto wa miezi 20 anasimama vizuri. Nimpime amesimama?

Jibu: Soma hatua ya 2.

Muuguzi, Tandahimba: Zahanati nzima tupo wawili, na msimu wa korosho akina mama hujazana alfajiri ili wawahi shambani. Msaidizi nimtoe wapi?

Jibu: Sikusema msaidizi awe muuguzi. Mama mwenyewe ashike kichwa, ukishamwelekeza. Mtoto naye hutulia akimwona.

Mwanafunzi wa uuguzi, Mtwara: Shikamoo mwalimu. Mtoto wa miaka 2 akigoma kusimama, nikampima amelala, vipimo vinalingana?

Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Havilingani, kwa sababu mtu akisimama uti wa mgongo hubanwa na uzito wake mwenyewe. Toa sentimita 0.7, na wa chini ya miaka 2 akipimwa amesimama, ongeza 0.7. Tofauti hiyo ilitokana na watoto waliopimwa kwa njia zote mbili katika utafiti wa nchi 6, Ghana ikiwemo, uliozaa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006.

Mhudumu wa jamii, Kilwa: Kuna mtoto uzito umepanda ghafla, lakini amenyong'onyea na hataki kula.

Jibu: Usifurahie uzito huo. Bonyeza kwa vidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde 3. Vishimo vikibaki pande zote mbili, ni maji, na huo ni utapiamlo mkali hata kama utepe unasoma 13. Mpe rufaa leo, usingoje kliniki ijayo.