Somo: Kuwafanya wanachuo waijue miti ya chuo chao

Wakuu salama? Hili somo niliahidi kitambo, leo bando lipo ngoja nilimwage. Sisi tulianza watu wanne tu, chuo kimoja hapa Moro, tukataka kuorodhesha miti yote ya kampasi kwa mkupuo, wiki ya pili tukawa hoi.

Hatua ya 1: anza na vimbweta, yale meza na mabenchi ya nje wanaposomea wanachuo. Uende Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar), uende SUA (chuo cha kilimo hapa Moro), kimbweta chenye kivuli hakikosi mtu, kwahiyo chukua miti kama 20 inayofunika vimbweta basi. Hiyo watu washaipenda tayari ila majina hawajui, mtu kakesha miaka mitatu chini ya mjohoro anasomea UE (mtihani wa mwisho wa semesta) bado anauita "ule mti wa pale kantini".

Hatua ya 2: barua fupi kwa watu wa esteti, yaani idara ya majengo na viwanja vya chuo. Wakikubali usikimbie, kaa na wale wazee wa bustani uwasikilize, maana wanajua upi ulipandwa lini na upi uliponea chupuchupu kukatwa. Andika yote kwenye daftari. Kwangu mimi hapa ndo penye nyama, hizo hatua zingine ni mchuzi tu.

Hatua ya 3: kupima. Futi ya fundi cherehani inatosha, zungusha shina mita 1.3 toka chini, ukipata sentimita 157 gawa kwa 3.14, kipenyo ni 50. Waachie fasti yia wapime wenyewe, kila mtu na mti wake, akifika mwaka wa tatu anarudi kuona umenenepa kiasi gani.

Hatua ya 4: kibao. Jina la Kiswahili juu, la kisayansi chini, na kamstari ka uchokozi. Mkwaju (kisayansi Tamarindus indica, yaani wa India) tuliuandikia "Wananiita indica ila kwetu Afrika", mkrismasi "Nimetokea Madagaska". MSIPIGE MISUMARI jamani, unajeruhi gome na mti ukinenepa unameza kibao. Sisi tulipiga, tena vibao vya bati, bahati nzuri sijui mbaya watu wa vyuma chakavu wakapita navyo vyote 😂 sasa hivi ni plastiki kwenye kigingi, mbali kidogo na mizizi.

MASWALI

Mkuu umri wa mti unaujuaje kwa hicho kipimo?
– Huujui. Mti mwembamba unaweza kuwa mzee kuliko mnene, inategemea maji na udongo. Tafuta picha za zamani za chuo, na wale wazee.

Kwetu Usukumani ukwaju ni bushishi, nalo liandikwe?
– Liandike! Kibao chenye majina ya makwao ndo watu wanapigia selfi.

Na mti ukitakiwa kupisha jengo?
– Peleka daftari lako kabla mchoro haujapitishwa, tingatinga likishafika hamna mjadala tena. Sisi tuliokoa mkwaju mmoja, mijohoro miwili ikaenda.