SOMO: Kupima kushuka kwa thamani ya mashine za hospitali kabla ya kufunga hesabu

Kila mwisho wa mwaka swali ni hili hili: mashine imeshuka thamani kiasi gani kuliko vitabu vinavyosema? Kwa hiyo naweka jibu hapa mara moja kwa wahasibu wa kampuni za vifaa tiba Mtwara na Lindi. Kinachotuongoza ni IAS 36, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu kushuka kwa thamani ya mali.

Mfano: eksirei ya kidijitali, kliniki ya Mikindani. Thamani ya vitabuni sh. milioni 90, imebakiza miaka 3, masalia (thamani itakayobaki mwisho wa miaka hiyo) sifuri.

1. Tafuta dalili: kutu ya hewa ya chumvi, mkataba kuvunjika, wagonjwa kupungua. Gudiwili (kile ulicholipa zaidi ya thamani ya mali halisi uliponunua biashara nyingine) hupimwa kila mwaka hata bila dalili.

2. Bei ya soko milioni 52, toa 4 za kuifungua, kuisafirisha na vibali vya mionzi. Inabaki 48.

3. Thamani ya matumizi, yaani fedha ambazo mashine itaingiza miaka iliyobaki, zikiletwa kwenye thamani ya leo. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Mashine itaingiza milioni 20 kwa mwaka baada ya gharama za kuiendesha. Kwa kiwango cha punguzo (asilimia inayoshusha fedha za kesho ziwe thamani ya leo) cha asilimia 15 ni 17.4 + 15.1 + 13.2, yaani 45.7. Usitoe riba ya mkopo wala kodi ya mapato. Kiwango cha punguzo ni cha kabla ya kodi na tayari kimebeba gharama ya mtaji, kwa hiyo ukitoa riba umeihesabu mara mbili. Ukitoa riba ya milioni 6 kila mwaka, jibu linaporomoka hadi 32. Kwenye mfano huu bei ya soko inakuokoa, lakini mashine isiyo na mnunuzi itakuletea hasara ya uongo. Usiweke pia mapato ya detekta (sehemu inayonasa picha) mpya ambayo hujainunua.

4. Chukua KUBWA kati ya hizo mbili: 48. Hasara ni 90 toa 48, yaani 42.

5. Debiti hasara, krediti limbikizo la hasara. Uchakavu, yaani thamani ya vitabuni ikigawanywa kwa miaka 3 iliyobaki, sasa ni milioni 16 kwa mwaka, si 30.

MASWALI

Mkuu, tukichukua ndogo si ndiyo salama zaidi?
Hapana. Rudi hatua ya 4: ni kubwa.

Mkaguzi wetu kaikataa 15% yako.
Si yangu, ni ya mfano. Kiwango chako kitoke kwenye hatari ya biashara yako, na uwe na karatasi za kukitetea.

Shikamoo. Proubu ya ultrasaundi (kile kishikio kinachopitishwa mwilini) imekufa, naipima peke yake?
Marahaba. Swali zuri. Kama haitatumika tena wala haiuziki, ifute kwenye rejista. Kama bado inafanya kazi kwa kusuasua, haiingizi fedha bila mashine yake, kwa hiyo zipime pamoja kama kundi moja.

Mkataba ukirudi mwakani, hasara inafutwa?
Inarudishwa, ila kuna dari. Bila hasara mashine ingekuwa 60 mwakani. Sasa itakuwa 32. Hata kipimo kipya kikisema 70, unapandisha hadi 60 tu, milioni 28 zinaingia kwenye faida. Gudiwili hairudishwi kamwe.

Na TRA (mamlaka ya mapato)?
Hawaitambui kama gharama. Irudishe kwenye hesabu ya kodi, kisha angalia kodi iliyoahirishwa (tofauti ya kodi itakayojirekebisha miaka ijayo).

Nyongeza kwa wa pwani: fundi apige picha ya kutu pamoja na namba ya mashine, na ripoti yake iwe na tarehe ya kabla ya kufunga mwaka. Ya Machi kwa hesabu za Desemba itakuletea mabishano na mkaguzi.