Umefikisha miaka 18 na bado unasoma: jinsi ya kuomba matunzo yako mwenyewe nchini Kenya

Wengi huamini kwamba mtoto akishachukua kitambulisho, mzazi aliyekuwa akilipa matunzo kwa amri ya mahakama ametua mzigo. Kwa kawaida amri huishia hapo kweli. Lakini Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, imemwachia kijana njia: aliyetimiza miaka 18 anaweza kwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe, akaomba mzazi aamriwe kumtunza. Amri ikitoka, inakuwa yake yeye, wala si ya mama au baba aliyemlea. Ila haiji yenyewe. Lazima iombwe, na mahakama lazima itoe ruhusa kwanza.

Ruhusa hiyo hutolewa kwa sababu nne: masomo au mafunzo yanayoendelea kupita miaka 18, ulemavu unaohitaji uangalizi maalumu, ugonjwa unaohitaji matibabu ya kuendelea, au hali nyingine ya kipekee ambayo mahakama itaona inatosha. Kukosa kazi peke yake ni hoja dhaifu. Mwenye barua ya chuo na orodha ya karo anaanza akiwa na hoja nzito, na mwongozo huu unamlenga yeye zaidi.

Kama hujafika 18, usingoje

Mzazi unayeishi naye, ndugu, au wewe mwenyewe mnaweza kuomba mahakama iongeze muda wa wajibu wa mzazi kupita siku ya kuzaliwa ya 18. Ombi hili lipelekwe miezi kadhaa kabla, hasa kama kuna faili la matunzo ambalo bado li hai. Mwombaji akiwahi, amri haikatiki na karo haikwami. Akichelewa, itabidi kijana aanze na ombi la ruhusa, huku chuo kikidai muhula wa kwanza. Familia nyingi huumia hapa, na huumia bure, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa ilijulikana tangu mwanzo.

Hesabu kabla ya hati

Hakimu hawezi kuamuru kiasi asichoonyeshwa. Tenga karo na gharama za kuishi, kwa kuwa zinalipwa kwa njia tofauti. Tuseme karo ni shilingi 60,000 kwa muhula, na kila mwezi unatumia 8,000 za chumba, 9,000 za chakula, 3,000 za nauli na 2,000 za vitabu na intaneti. Hiyo ni 22,000 kwa mwezi. Kama HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, inakupa 20,000 za kujikimu kwa muhula wa miezi minne, hizo ni 5,000 kwa mwezi. Zitoe, zibaki 17,000. Usiufiche mkopo wala ufadhili wowote. Uwezo wako wa kipato ni mojawapo ya mambo ambayo mahakama hupima, na mzazi anayepinga atalitafuta hilo kwanza.

Mahakama pia huangalia mapato, mali na majukumu ya kila mzazi, mahitaji yako, ulemavu au ugonjwa, hali ya ndugu zako, na elimu uliyokuwa ukitarajiwa kupata. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mzazi aliyekusomesha shule za binafsi miaka yote hawezi kudai kirahisi kwamba chuo hakikuwa katika mipango yake. Lakini hata wewe, ukihamia chuo cha gharama kubwa bila kumshirikisha, umempa hoja. Mwandikie mapema, hata kwa ujumbe wa simu, umweleze kozi, miaka yake na karo, na uhifadhi ujumbe huo.

Kumbuka pia kwamba Katiba, katika Kifungu cha 53, inawapa mama na baba wajibu sawa. Ukimshtaki baba, mahakama itauliza mama anachangia nini. Andika mchango wake kwa shilingi: chumba anachokupa, chakula, bima ya afya. Bila hivyo utaonekana unamtupia mmoja mzigo wote.

Hati za kuambatisha

Utahitaji nakala za kitambulisho na cheti cha kuzaliwa; barua ya kujiunga na chuo; orodha rasmi ya karo yenye muhuri; matokeo ya muhula uliopita kama umeshaanza; taarifa ya HELB; risiti za pango na matumizi; na nakala ya amri ya zamani ya matunzo ikiwa ipo, pamoja na namba ya faili. Kama jina la baba halimo katika cheti cha kuzaliwa, tafuta ushahidi mwingine kwamba alikukubali: fomu za shule alizosaini, karo aliyolipa, picha, ujumbe. Akikana, omba mahakama iamuru kipimo cha DNA. Fanya hivyo mwanzoni, usisubiri siku ya kusikilizwa.

Kuhusu mapato yake, weka unachokijua: mwajiri, cheo, biashara, nyumba za kupangisha, gari. Huna haja ya kujua mshahara kamili. Iombe mahakama imwamuru awasilishe hati ya kiapo ya mapato na mali, pamoja na hati za mshahara na taarifa za benki.

Kufungua kesi

Ombi hupelekwa Mahakama ya Watoto, iliyo chini ya mahakimu. Andika ombi lenye maombi matatu yaliyotengana: kwanza ruhusa ya kuomba matunzo ukiwa umepita miaka 18; pili amri ya muda wakati kesi inaendelea; tatu amri kamili hadi mwisho wa kozi. Wanaojiandikia wenyewe mara nyingi huruka la kwanza, na mzazi mwenye wakili mzuri huiangusha kesi kwa hilo tu, bila kugusa suala la karo. Ombi la pili nalo lisiachwe, kwa maana kesi inaweza kuvuka muhula mzima.

Ambatisha hati ya kiapo uliyoapa mbele ya kamishna wa viapo, kurasa zikiwa na namba. Hati huwasilishwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, ambao tangu 2024 umesambazwa nchi nzima. Ukikwama, masjala husaidia. Kisha mzazi apelekewe hati, nawe uwasilishe kiapo kinachothibitisha kwamba alizipata. Bila kiapo hicho, kesi itaahirishwa.

Asiye na uwezo wa wakili aende Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, Kituo cha Sheria, au, kwa wasichana na akina mama, FIDA-Kenya, shirikisho la mawakili wanawake.

Mahakama inaweza kuwapeleka kwenye usuluhishi, ambao hupewa siku 60. Ukubali. Mzazi asiyetaka kuitwa mshtakiwa na mwanawe mara nyingi hukubali mengi zaidi mezani, na mkikubaliana, makubaliano hayo husajiliwa kuwa amri yenye nguvu kamili.

Fedha zipitie wapi

Omba karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na za kujikimu ziingie katika benki au M-Pesa yako kwa tarehe iliyotajwa, kwa mfano kabla ya tarehe 5. Mzazi anayehofia kwamba fedha zitapotea hutulia akiona karo haipiti mkononi mwako, nawe unabaki na rekodi ya kila malipo. Usipokee fedha taslimu bila maandishi.

Malimbikizo ya kabla hujafika 18 usiyachanganye na ombi lako. Hayafutiki kwa wewe kukua, lakini yanadaiwa na mzazi aliyeshikilia amri, katika faili lile la zamani.

Na kama mzazi amefariki, Mahakama ya Watoto si mahali pake. Sheria ya Urithi, kifungu cha 26, inamruhusu mtegemezi kuomba fungu kutoka mali ya marehemu, na mtoto wa marehemu huhesabika hata akiwa mtu mzima. Ombi liingie kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mali hiyo. Utaratibu huu hauwahusu Waislamu, ambao mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu.

Asipolipa, au hali ikibadilika

Rudi mahakamani na jedwali la tarehe, kiasi kilichoamriwa, kilicholipwa na kilichobaki. Omba aitwe kueleza kwa nini asichukuliwe hatua. Kwa mwajiriwa, omba mshahara ukatwe kazini kwake. Ukiahirisha masomo, ukipata kazi, au karo ikipanda, omba amri irekebishwe. Mzazi naye ana haki hiyohiyo, kwa hiyo mpelekee matokeo yako kila muhula kabla hajayadai.