Kabla ya kununua mkono wa santuri uliotumika

Mwishoni mwa 2019 kampuni ya SME ya Uingereza ilitangaza kuacha kuuza mikono (ile fimbo inayobeba sindano juu ya santuri) peke yake bila mashine, na mwaka uliofuata kampuni ya Jelco ya Japani ikafunga kiwanda. Tangu hapo anayetaka mkono mzuri wa mashine ya santuri mara nyingi hujikuta anapekua vilivyotumika. Humo jina kubwa lisikutie kiwewe. Mkono mzee wa bei ya kati wenye beringi nzima utakufaa kuliko mkono maarufu ulioumia.

Anza na mashine yako, si na tangazo. Pima kutoka katikati ya pini ya sahani hadi mhimili wa mkono utakapokaa. Mikono ya Rega inataka milimita 222, ya Linn 211, na SME V takriban 215.4. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ikikosewa sindano haitakaa sawa kwenye mfereji, hata uhangaike vipi na kipimo cha kupangia sindano. SME hukaa kwenye tundu refu na husogezwa mbele na nyuma. Rega na Linn hubaki pale tundu lilipotobolewa. Huenda ukalazimika kuchongesha ubao mpya wa kushikia mkono, na gharama hiyo iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Mkono wa inchi 12 nao huenda usiingie chini ya kifuniko.

Halafu katriji, kile kidude chenye sindano kinachofungwa kwenye kichwa cha mkono. Jumlisha uzito fanisi wa mkono (uzito ambao sindano huuhisi), uzito wa katriji na skrubu zake, zidisha kwa ulaini wa katriji (namba inayoonyesha sindano inavyoyumba kwa urahisi), tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo, upate mtetemo wa asili wa mkono na katriji. Mkono wa gramu 11, katriji ya 7, skrubu gramu 1 na ulaini wa 12 vinakupa kama Hz 10.5, na panapotakiwa ni kati ya 8 na 12. Mkono wa FR-64S una uzito fanisi wa gramu 35 hivi: katriji laini ukiifunga hapo, mtetemo utashuka mno na santuri iliyopinda kidogo tu itaitikisa sindano. Angalia pia ulaini umepimwa kwa Hz ngapi, maana makampuni mengi ya Japani hupima kwa 100, na namba hiyo huwa ndogo kuliko ile ya Hz 10 unayoihitaji.

Sasa beringi, na hapa usione haya kusumbua. Mwombe muuzaji asawazishe mkono mpaka uelee, nguvu ya sindano sifuri na antisketi (nguvu inayozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri) sifuri, kisha aupulizie pumzi kidogo huku anarekodi video. Uende polepole na utulie wenyewe. Ukigota mahali palepale kila mara, kuna beringi iliyoumia, au waya umekakamaa na kuuvuta. Baada ya hapo aushike kichwani kwa vidole viwili na kuusukuma mbele na nyuma taratibu mno. Mgongano mdogo ukisikika au kuhisika, beringi zimelegea. Mkono wa Naim Aro usiuhukumu hivyo, kwa kuwa umesimama juu ya ncha moja na kuyumba ndiyo asili yake. SME za zamani za makali ya kisu nazo huinuka kidogo ukizivuta juu.

Beringi nyingi huuawa na bisibisi. Mkono ni wenzo wa sentimita 23 hivi, na anayekaza katriji kwa nguvu bila kukishikilia kichwa anazitwisha beringi mzigo wote. Kwa hiyo omba picha ya kichwa kwa chini: matundu yaliyoliwa na mikwaruzo kuzunguka skrubu vinamsema mwenye mali kuliko maneno yake.

Kwa SME 3009 ya Series II, utazame mkono kwa ubavu. Mkia unaobeba uzito wa nyuma umeshikwa na mpira, na mpira ukizeeka mkia huinama. Hutengenezeka, ila iwe sababu ya kupunguziwa bei. Kinyanyuzi, kile kinachouinua na kuushusha mkono, kikishuka kwa kishindo, silikoni yake imekauka au imevuja, na hilo ni dogo.

Waya zipimwe kwa multimita baada ya katriji kutolewa, kwa sababu mkondo wa kipimo unaweza kuiharibu. Kwa kawaida nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Mkono uliobadilishwa waya mimi huuona wa bei pungufu hata muuzaji akiusifia, mpaka nione lehemu yenyewe.

Uliza kama uzito wa nyuma ni wa asili, na kama nati ya chini inayoubana mkono kwenye ubao na kebo yake vimo. Uzito ukikosekana, kuupata peke yake ni kazi. Mwisho, kubalianeni jinsi ya kuufunga: uzito utolewe na ufungwe kando, mkono ubanwe usicheze ndani ya boksi. Muuzaji akikataa kuutoa uzito, nenda ukauchukue mkono mwenyewe.