Bunduki mpya inatawanya risasi? Angalia mbao kabla hujalaumu darubini

Binamu yangu wa Tanga ana leseni ya kuwinda na juzi kanunua bunduki mpya, .30-06 (huo ni ukubwa wa risasi zake), ya boliti, yani ya kukokiwa kwa mkono kila risasi, mbao nzuri ya walnati inang'aa mpaka unaona haya kuishika. Baada ya wiki mbili akanipigia, "Kaka, hii kitu imerogwa, leo inapiga kushoto, kesho juu." Sisi huku Kenya kuwinda kulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hivo mimi hapa Mombasa ni mtu wa shabaha za karatasi tu, lakini mtutu haujui kama mbele kuna karatasi ama swala. Nikavuka feri ya Likoni na kibegi cha spana, nikaenda. Haya ndo tuliyofanya, kwa mpangilio tuliofanya.

Hatua ya 1: toa risasi zote, fungua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, chungulia, halafu tia kidole uhakikishe. Sirudii.

Hatua ya 2: safisha mtutu. Bunduki mpya hutoka kiwandani na mafuta mazito ndani. Ingiza fimbo kutokea nyuma kwenye chemba, sio mdomoni, manake ukikwaruza mdomo wa mtutu umeharibu pale pale risasi inapoagana na bunduki. Vitambaa vikitoka vyeupe, basi.

Hatua ya 3: mbao. Hapa kaa chini, mana hapa mimi nilipoteza msimu mzima.

Bunduki yangu ya .22 niliinunua wakati wa kaskazi, hewa kavu kidogo, ikawa inapiga vizuri mashallah, matundu matano nayafunika kwa sarafu. Ikaja mvua ya mwezi wa tano, kusi limeshika, na ile bunduki ikawa ya mtu mwengine kabisa. Nikabadilisha risasi. Nikabadilisha ringi za darubini. Nikanunua darubini mpya, yakhe, pesa ambayo ilikuwa ya kupaka nyumba rangi na mke wangu mpaka leo anaikumbusha. Wapi. Mwisho mzee mmoja fundi wa milango hapa Mji wa Kale, hajawahi kupiga risasi maishani mwake, akaishika akapapasa chini ya mtutu akaniuliza, "Huku ndani wamepaka nini?" Hawakupaka kitu. Nje vanishi inametameta, ndani kwenye ule mfereji mtutu unapolala mbao iko tupu, na mbao tupu Mombasa hunywa unyevu ikavimba ikaenda kuubana mtutu upande mmoja. Mlango wa nyumba yako ukigoma kufunga mwezi wa tano ujue ndo ugonjwa huohuo.

Namna ya kupima: chukua noti ya shilingi hamsini, ipitishe chini ya mtutu kutoka mdomoni kwa mbao kurudi nyuma hadi karibu na chemba. Ikikwama, hapo pamegusa. Ya binamu ilikwama baada ya vidole vinne tu.

Sasa usikimbilie msasa! Kuna bunduki ambazo kiwanda kwa makusudi kimeacha kijinundu mbele kinachousukuma mtutu, na nyengine hupiga vizuri hivohivo. Soma kitabu chake kwanza. Halafu jaribu bila kukata kitu: legeza skurubu, weka vipande viwili vya kadi ngumu chini ya chuma cha mbele, pale inapokaa skurubu ya kwanza, mtutu uinuke kidogo, kaza, kapige. Matundu yakikusanyika, mbao ndo mwizi. Yasipokusanyika, rudisha ilivyokuwa uendelee hatua ya 4.

Ya binamu yalikusanyika. Tukazungushia msasa kwenye kipande cha paipu kinachokaribia unene wa mtutu, tukasugua mfereji pole pole, tunapima kila dakika chache, mpaka noti iliyokunjwa mara mbili ikapita bila kugusa. Sugua sehemu ya mtutu tu, pale chuma cha chemba kinapolala usipaguse hata kidogo, ukipalegeza pale umejitafutia balaa kubwa kuliko ulilokuwa nalo. Ukimaliza, paka vanishi ndani, mikono miwili au mitatu nyembamba, kila mkono ukauke kabisa. Kuna watu watakwambia nunua kitako cha plastiki uishi kwa amani, na kusema kweli kwa mtu wa pwani wana haki, lakini mimi plastiki sitaki.

Hatua ya 4: skurubu. Nunua spana ya kupimia nguvu, achana na "nimekaza kwa mkono nahisi". Fuata kitabu cha bunduki yako. Za mbao nyingi huwa karibu na inchi-paundi 40 (kipimo cha nguvu ya kukaza), skurubu za ringi za darubini ni ndogo, 15 hadi 20. Ukizidisha kwenye ringi unaminya darubini yenyewe.

Hatua ya 5: kusawazisha. Anza mita 25. Toa boliti, laza bunduki kwenye magunia ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka uone shabaha katikati, halafu peleka msalaba wa darubini papo hapo. Rudisha boliti, piga, rekebisha, ndo uende mita 100. Darubini nyingi za kuwinda kliki moja, yani ule mlio mmoja ukizungusha kitufe cha kurekebisha, ni robo dakika ya pembe (sio ya saa), kama milimita 7 kwenye mita 100, kwa hivo ukiwa sentimita 10 kushoto ni kliki 14 kulia. Usirekebishe kwa tundu moja! Piga tatu, tafuta katikati yake. Halafu pumzika, mtutu wa kuwinda ni mwembamba na kwa joto letu haupoi haraka, uweke kivulini, boliti wazi, unywe chai. Nendeni asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka.

Hatua ya 6: risasi. Nunua aina tatu, kwa .30-06 jaribu greni (uzito wa kichwa cha risasi) 150, 165 na 180, kila bunduki ina yake inayoipenda na bei haisemi kitu. Ya binamu ilipenda 180 ya bei ya chini kabisa, matundu matatu ndani ya sentimita 4. Za ghali zikatoa 9, akanuna. Ukishachagua, sawazisha upya na hiyohiyo, na ujue ukiweka sawa mita 100, kwenye 200 ya greni 180 inashuka kama sentimita 12.

Andika tarehe na kliki zako kwenye daftari, na mvua zikianza pitisha noti tena.