Mama mwenye kisukari asianguke: kulinda mifupa katika nyumba za Lamu

Mama aliyekoma hedhi hupoteza mfupa haraka, lakini kisukari kina hila yake. Kipimo cha uzito wa mfupa chaweza kutoka kizuri na nyonga ikavunjika vilevile, kwa kuwa sukari iliyokaa juu miaka mingi hugandana na kolajeni, nyuzi zinazoupa mfupa unyumbufu. Basi msitulizwe na majibu hayo. Mzuieni asianguke.

Anzeni na safari ya chooni usiku. Sukari ikipanda, mkojo humwamsha mara kwa mara. Nyayo zina ganzi, macho yamefifia, na nyumba zetu za mawe zina vizingiti virefu na ngazi za kusimama wima, vidato havilingani. Mhamishieni kitanda chini, karibu na choo. Taa iwake usiku kucha. Mkeka na msala vikunjwe vikishatumiwa, maana kidole chenye ganzi hakihisi ukingo. Champali humvuka asijue. Mnunulieni viatu vyenye mkanda wa kisigino. Kabla ya kusimama, aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja.

Akitoka jasho na kutetemeka, mpimeni sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpeni maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, kisha mpimeni tena baada ya dakika 15. Akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Hali hii ikirudi, daktari aangalie upya dozi ya insulini au vidonge vya glibenklamaidi, na kabla ya Ramadhani hilo ni lazima. Muulizeni pia kuhusu pioglitazoni, dawa nyingine ya kisukari, inayozidisha mivunjiko kwa wanawake, na vitamini B12 kwa aliyemeza vidonge vya kisukari vya metformini miaka mingi: ikipungua, ganzi huzidi.

Kalisi, madini ya mifupa, anahitaji miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina kama 300. Vidagaa avile na miiba yake. Sukuma wiki yafaa kuliko mchicha, ambao kalisi yake mwili hauipati vizuri. Jua huupa mwili vitamini D ya kufyonza kalisi, lakini halipenyi buibui, kwa hiyo aote uani mikono na miguu ikiwa wazi. Mwenye ugonjwa wa figo asianze vidonge vya kalisi bila daktari.

Kila siku ainuke kitini mara 10, kiti kimeegemezwa ukutani, akiketi polepole.

Akianguka, mguu ukaonekana mfupi na wayo umegeukia nje, msimsimamishe. Wekeni mto katikati ya miguu, ifungeni pamoja kwa leso, mumbebe juu ya ubao hadi botini, apelekwe hospitali.